Barua ya wazi kwa wenye funguo za kumbi za Malindi

Waheshimiwa mnaosimamia leseni, bajeti na kumbi za umma katika mji wetu,

Salamu kwanza, kisha naomba amplifaya yangu.

Ni nyeusi, kona moja imetafunwa na panya, na nyuma imeandikwa MALI YA BENDI kwa rangi ya kucha. Ilichukuliwa Alhamisi moja, saa tatu kasoro usiku, uani kwangu Maweni. Waliokuja ni vijana wawili wenye adabu zao. Waliniamkia shikamoo kabla ya kuchomoa waya. Kosa langu lilikuwa kelele. Uani tulikuwa watu saba: wawili tumeshapita miaka sitini, watano hawajafika ishirini na tano. Tulikuwa tunarudia mwanzo wa wimbo mmoja wa bango, muziki wetu wa pwani, kwa mara ya kumi na moja, maana binti wa besi alikuwa akiingia kabla ya wakati. Usiku huohuo, hatua chache kutoka kwangu, baa ilikuwa ikifungulia nyimbo za fleshi mpaka vioo vya dirisha langu vinatetemeka. Haikuguswa. Ina kibali, nikaambiwa. Na wewe mzee, njoo ofisini kesho. Nimekwenda kesho, keshokutwa na mtondo.

Amplifaya ni mbao na waya, nisingesumbua watu wazima kwa barua kwa ajili yake. Ninaloandikia ni wale watano wasiofika ishirini na tano. Tangu usiku ule wamerudi watatu.

Kila nikipita kule ufukweni naona magari yakishusha wageni kwenye Nguzo ya Vasco da Gama. Wanaupiga picha msalaba, wanapiga picha bahari, wanaondoka. Ningependa siku moja mwongozaji awasimulie na habari ya muziki. Mtu mmoja aliyekuwa kwenye safari ya huyo baharia Mreno aliandika shajara, na imebaki mpaka leo. Anasema kwamba Aprili 1498, mfalme wa Malindi alipotoka kwenda kukutana nao majini, alikuwa na wapiga tarumbeta wengi, na pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa ufundi, kimo cha mtu mzima, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni, na sauti zake zikapatana vizuri na zile tarumbeta. Sisi tunaijua ile pembe kwa jina lake, siwa. Kwa hivyo bendi ya Malindi yenye vyombo vya kupuliza imo kitabuni miaka zaidi ya mia tano sasa, na aliyeisifu ni mgeni aliyetoka kwenye meli akiwa hoi kwa safari. Nguzo aliyoiacha mgeni ina mlinzi na ina tiketi. Mpulizaji wa hapa ana kesi ya kelele.

Nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu, acha nieleze ninavyokula. Nilianza kupuliza saksafoni hotelini mwaka 1984. Saa mbili hadi saa tano usiku, siku tano kwa wiki, chakula cha jioni juu ya mwenye hoteli. Masika ikiingia, hoteli zinafunga, tunarudishwa nyumbani, tunangoja mpaka Julai. Ndivyo wanamuziki wengi wa Malindi na Watamu walivyoishi: kalenda yetu ilikuwa ya ndege za Italia. Wimbo wa kumkaribisha mgeni, ule mnaoujua nyote, nimeupuliza mara nyingi kuliko nilivyolitamka jina la mke wangu, na mwenyewe ananikumbusha. Lakini mgeni akishalala, wapishi na wahudumu wakitoka jikoni na kuketi, ndipo tulipopiga vyetu: bango, rumba, chakacha, na zile za Tanga na Morogoro. Saa ile moja ndiyo iliyonifundisha kazi. Wapishi ni wasikilizaji wagumu. Hawana sababu ya kukupigia makofi.

Kisha ikaja korona. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza Machi 2020 na haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Kwa mwanamuziki wa usiku, huo ni mwaka mmoja na nusu na zaidi bila usiku. Mwenzetu wa drams aliuza zile sahani zake mbili za kugonga akanunua mashine ya kukamua miwa. Niliporudi hotelini nilimkuta kijana mmoja na laptopu yake, na meneja akanieleza kwa upole kwamba laptopu haili chakula cha jioni. Sikumchukia yule kijana. Baadaye nitawaambia yuko wapi.

Huku kwetu, neno jazi lina historia yake. Lilipofika Afrika Mashariki halikumaanisha hasa muziki wa New Orleans kule Marekani. Lilimaanisha bendi: magitaa, vyombo vya kupuliza, ngoma, watu wanacheza. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwako tangu 1932. Tanga ikawa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, Tabora na yake, Morogoro na yake, na upande wa ziwa wakawa na Shirati Jazz. Mpaka wa Kenya na Tanzania haukuzuia kitu. Ndugu wawili wa Kinyonga waliopitia Jamhuri Jazz ya Tanga ndio walioishia Mombasa na kuanzisha Simba Wanyika mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mbaraka Mwinshehe, baada ya kuiacha Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, alifia huku kwetu Pwani kwa ajali ya gari, Januari 1979. Nilikuwa mvulana; nakumbuka wazee wakiwa wamezima redio barazani, wamekaa tu.

Na sisi wa pwani hii tukatoa bango. Mzee Joseph Ngala wa Freretown, pale Mombasa, ndiye anayetajwa kuwa baba yake, na chombo chake ni saksafoni. Freretown yenyewe ni mji ulioanzishwa na wamishonari karne ya kumi na tisa kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, waliotoka makabila mbalimbali, na labda ndiyo maana bango halina kabila moja: ndani yake utasikia kwaya, taarabu, rumba na ngoma za Wamijikenda. Hupigwa polepole. Kijana akisikia mara ya kwanza hudhani betri imekwisha. Lakini nenda kwenye harusi Ganda au Kaloleni, saa nane za usiku, uone bibi wa miaka sabini anavyoinuka kitini saksafoni ikianza. Taratibu ile ina sababu yake. Imekatwa kwa kipimo cha mtu mzima mwenye goti bovu na furaha kubwa.

Sasa hawa watoto. Wa kwanza alikuja mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, na simu mkononi. Anatengeneza biti kwenye simu, anauza kwa wenzake wanaorap. Akaniambia, "Mzee, nataka saksafoni ya kweli sekunde kumi, ile ya kwenye programu inanuka plastiki." Nikampulizia. Akasikiliza, akasema rudia bila lile kosa la mwisho. Nikamwambia lile si kosa, lile ni kuchelewa kwa makusudi. Mwimbaji anashusha pumzi, nawe unamngoja. Alininyamazia kidogo, halafu akauliza, "Sasa mimi nitajuaje mwimbaji anashusha pumzi lini?" Wallahi, miaka yote niliyopiga hotelini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia njoo Alhamisi.

Akaja na mwenzake, na mwenzake akaja na dada yake, ndiye huyo wa besi. Mama yao anauza samaki wa kupaka Barani. Alikuja kunikagua kwanza, akakaa uani jioni nzima bila kusema neno, akaondoka, na Alhamisi iliyofuata akatuletea sahani ya viazi vya karai. Nikajua tumekubaliwa. Watu husema wasichana hawapigi vyombo huku kwetu, na wanasahau ngoma za vugo na lelemama zilikuwa mikononi mwa nani.

Hatuna vitabu. Mwenzangu wa gitaa la solo, ambaye macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli tu, huwashika vidole akavipanga juu ya nyuzi kama mtu anayefunga mtoto vifungo. Mimi huwapeleka wapulizaji ufukweni upepo wa kusi ukivuma, nawaambia wapulize noti moja ndefu mpaka mtu aliye hatua hamsini aisikie bila wao kupiga kelele. Huwezi kushindana na kusi kwa kifua. Inabidi utafute mahali pa kupitisha sauti. Chombo tulicho nacho ni saksafoni moja kwa watu watatu, na chumvi ya hewa ya hapa haina huruma: springi zimeshika kutu, kitufe kimoja kinarudi kwa nguvu ya mpira wa kufungia noti za hela. Fundi ninayemwamini yuko Mombasa, kilomita kama mia na ishirini, na nauli ya chombo ni sawa na ya abiria kwa sababu siwezi kukiweka juu ya basi.

Lakini msidhani sisi wazee tunatoa tu. Yule mwenzangu wa gitaa ana nyimbo alizotunga miaka ya themanini. Zilirekodiwa, akalipwa hela ya siku, akatia saini karatasi asiyoisoma, na basi. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Kijana wa simu ndiye aliyekaa naye wiki mbili kumwandikia orodha ya tungo zake, moja moja, akizirekodi kutoka mdomoni mwake, na kumweleza kwamba kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya mtunzi analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mzee akauliza mara mbili: baada ya kifo? Kisha akaanza kukumbuka nyimbo nyingine. Sasa tunaye hata yule kijana wa laptopu wa hotelini niliyewaahidi kuwaambia yuko wapi. Siku hizi Alhamisi yuko uani kwangu, anajifunza tumba, na ndiye anayetutengenezea sauti. Aliniambia amechoka kupiga muziki ambao hauwezi kumjibu.

Huo ndio mfumo mzima wa elimu ya muziki wa mji huu, waheshimiwa. Ni uani, mwarobaini, waya uliopitishwa dirishani, na mke wangu anayelipa tokeni za umeme.

Najua mtasema Malindi ina matamasha. Yapo, na nimeshapanda majukwaa yake, na nashukuru. Jukwaa linafungwa kwa siku mbili, taa zinatoka mbali, msanii mkubwa analetwa kwa ndege, sisi wa hapa tunapewa dakika kumi na tano saa kumi jua kali, wakati viti vinapangwa. Tunalipwa baada ya miezi, wengine hawalipwi mpaka wasahau. Asubuhi yake jukwaa linapakiwa kwenye lori, na ukirudi pale hupati hata soketi. Kijana hawezi kujifunza kupiga chombo kwa dakika kumi na tano za kila mwaka. Anajifunza kwa kusimama kando ya mtu anayejua, wiki kwa wiki, akosee mbele yake, na siku moja apewe solo bila kuambiwa mapema. Hilo linahitaji chumba. Tamasha halina chumba.

Nimesoma Katiba, si yote, zile kurasa zinazonihusu. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, linaeleza kazi za serikali za kaunti. Kipengele cha 3 ni kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Kipengele cha 4, mstari unaofuata tu, ni shughuli za utamaduni, burudani za umma na vifaa vyake; majumba ya sinema, maktaba, makumbusho vimo humo. Walioandika waliviweka jirani, kelele na utamaduni, kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Nahofia msomaji wa huku kwetu alifika cha 3 akafunga kitabu akaenda kuchukua amplifaya.

Na msiseme serikali haiwezi kuwa na habari na bendi. Hapo jirani Tanzania, mwaka 1964, chama cha wafanyakazi kiliunda NUTA Jazz Band. Vyombo vilikuwa vya chama, wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Chama kikabadili jina, bendi ikabadili jina: JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Muhidin Gurumo, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi, alifariki 2014, na bendi haikuzikwa naye. Bendi ya Mlimani Park iliyoanza 1978 ilichukuliwa na shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam mwaka 1983, ndiyo hizo herufi DDC mbele ya jina lake. Shirika la jiji, waheshimiwa, watu wa bajeti na viwanja kama ninyi. Mzee akichoka, kijana huketi kwenye kiti kilekile na kushika chombo kilekile, kwa sababu chombo si cha mtu. Huku kwetu mpiga trampeti akifa, trampeti inauzwa kulipia matanga. Nimeona mara mbili. Mara ya pili nilikuwa mimi ninayeshika daftari la michango.

Zanzibar nao, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walifungua chuo cha muziki pale Mji Mkongwe, mahala ambapo wazee wa taarabu hufundisha vyombo vya nyuzi, udi na kanuni, na mwanafunzi anaweza kutumia chombo asichoweza kukinunua. Nilikwenda kuona. Nilichokiona kikubwa kuliko vyote ni kabati lenye kufuli.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo kiasi cha kuaibisha. Mji huu una kumbi za umma ambazo jioni za katikati ya wiki hukaa na popo. Tupeni mmoja, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja hadi saa nne usiku, na stoo moja yenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwenu, mmoja kwetu. Vyombo vitakavyoingia humo viandikwe mali ya mji. Mimi nitaanza na saksafoni yangu, naitoa, kwa sharti moja tu, kwamba nikitaka kuipuliza nisiandike barua. Pia kibali cha muziki wa vyombo kitenganishwe na kibali cha spika za baa. Bendi ya watu saba inayomaliza saa tano si sawa na fleshi inayokesha. Na yeyote asemaye ni sawa, nitamkalisha Maweni wiki moja katikati ya hizo mbili. Mkituita kwenye sherehe zenu, tulipeni siku ileile. Dereva wa lori la jukwaa hulipwa siku ileile, nimemuuliza.

Wenye hoteli nao wananisoma. Kwenu sina amri, nina kumbukumbu. Mgeni aliyekuwa akirudi mwaka hadi mwaka alikuwa akiuliza habari za mpiga tumba kwa jina, na alimletea watoto wake zawadi. Sijasikia mtu akiuliza habari za laptopu. Chukueni bendi moja yenye mzee na vijana, usiku mmoja kwa wiki, masika na kiangazi. Chakula cha jioni tutakuja tumekula.

Alhamisi hii tutakuwapo. Amplifaya tumeazima msikitini, imamu amesema irudi kabla ya Ijumaa. Binti wa besi sasa anaingia panapotakiwa. Aliposhika alicheka peke yake mpaka tukasimamisha wimbo. Kama kuna mmoja wenu mwenye nafasi, aje na kiti, vya kwangu ni vinne. Namba yangu ya simu mnayo: nimeiandika mara tatu kwenye daftari la wageni hapo mapokezini, na mara ya tatu aliyekuwa zamu aliniazima kalamu yake mwenyewe.

Wenu,
Mpiga saksafoni wa Maweni, Malindi